Mlingoti Uliosimama Kabla ya Watu Kufika

Mama,

Hata jeneza lako hukutaka nilibebe. Naanza na hilo kwa sababu limenikaa kooni tangu Februari, na wewe hukuwa ukipenda mtu anayezunguka. Watu sita walipita mbele yangu wamekubeba, na mmoja wao ni yule jirani yako mwenye mgongo mbovu, ambaye akinunua hata meza ndogo mimi ndiye ninayempandishia ngazini. Mimi, ninayeinua vyuma tangu ujana wangu, nilitembea nyuma nimeshika mwavuli. Nilimuuliza mke wangu Elin, akasema, "Mama ndiye aliyepanga." Akaishia hapo.

Kwetu, na wewe unajua kwetu kulivyo, mwanamume hanyimwi bega la jeneza. Hata mpita njia asiyemjua marehemu huingia chini, akabeba kidogo, akampisha mwenzake. Uliuguza watu Singida kwa muda mrefu kuliko nilioishi mimi Morogoro. Uliyaona hayo kwa macho yako. Kwa hiyo usingeweza kusema hukujua, na mkweo mmoja tu unaye.

Basi nilinyamaza. Kwanza kwa hasira, kisha kwa kazi. Sasa naandika kwa sababu Midsoma, ile sikukuu ya Waswidi ya katikati ya kiangazi, imepita, na kuna mambo niliyaharibu, na sina mtu mwingine wa kumweleza ambaye anakijua Kiswahili na anaijua sikukuu hiyo ya kwenu kwa kiwango chako.

Nyumbani tuko wazima. Mjukuu wako Zawadi amekupita urefu, ungelazimika kuinua kidevu kumsemesha. Bado ukimwita kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza, lakini "Mormor" halijabadilika. Akilitaja jina lako ni hilo hilo la Kiswidi la bibi mzaa mama, na mama yake akilisikia anatoka chumbani. Funguo za nyumba yako tumezirudisha. Vile vyungu vyako vya dili, yale majani ya kiungo, viko dirishani kwetu, na vinaota kuliko vilivyoota kwako, samahani. Kazini nimepata zabuni ya kuzungushia jukwaa la mafundi yale maghorofa ya Ladywood, hapa Birmingham, mkabala na lile nililokaa nilipofika, chumba kimoja wanaume wanne. Siku ya kwanza nilipanda hadi juu nikatazama dirisha letu la zamani. Kuna mtu ameweka pazia zuri.

Nakumbuka ulivyonipokea mara ya kwanza. Elin alikuwa ameniambia tu kwamba mama yake alikuwa nesi Afrika. Nimekuja na shati la kuazima, nimejikariria Kiingereza cha heshima njia nzima kwenye basi, mlango unafunguka, mama wa Kizungu mwenye nywele nyeupe ananiambia, "Karibu, mwanangu. Umekula, au umekuja kwa mapenzi tu?" Nilisahau Kiingereza chote. Nilikupenda siku ile, Mama. Nasema ili ujue kwamba malalamiko yangu hayatoki kwa mtu asiyekupenda.

Sasa Elin.

Ule ukumbi wa kanisa huku Great Barr, ambako kila Juni tulisimamisha mlingoti wa maua wa Midsoma kwenye uwanja wa nyuma, ndiko tulikokunywa chai siku ya kukuzika. Tangu siku hiyo Elin hakupita tena barabara ile. Akienda dukani anazunguka, akienda kwa daktari wa meno anazunguka. Alirudi kazini, anapika, anacheka simu ikimchekesha, lakini wewe hukutajwa. Na Kiswahili alikiacha. Unajua alikuwa nacho kile cha utotoni, cha kuombea maji na kumfukuza kuku, lakini kila jioni alikuwa akikitumia na wewe kwenye simu. Ulipoondoka kikaondoka.

Mwezi wa nne nilimuuliza kuhusu Midsoma. Akasema, "Mwaka huu hapana, Musa. Labda mwakani."

Mimi ni mtu wa hesabu. Watu kama sitini walikuwa wakija: Waswidi wa mji huu, hawa wenzetu Waafrika waliokaa Uswidi kabla ya kuhamia Birmingham, na majirani waliokuja kwa ajili ya keki. Ukiruka mwaka mmoja, nusu yao watapata pengine pa kwenda. Ukiruka wa pili, atabaki Mama Furaha na mumewe, nao watakuja nyumbani kula tu. Na Zawadi atakua akijua kwamba Mormor alikuwa na jambo lake, likafa naye. Na mama yake atazunguka barabara ile mpaka uzeeni. Hilo ndilo nililoliogopa hasa. Nikamwambia Elin nitaifanya mimi, yeye hatanyanyua hata kidole.

"Fanya unavyotaka," akasema. Nimeoa muda wa kutosha kujua maana ya maneno hayo. Nikaendelea.

Nilimpigia Mama Furaha kumwomba wale samaki wa siki. Huyu mama, jinsi unavyomjua, amekaa Uswidi miaka mingi baada ya kutoka Bukavu, na samaki wake anawatia pilipili mpaka Waswidi wanatokwa machozi na kuongeza sahani. Akaniambia, "Bon, Musa, samaki ntaleta miye. Lakini usikuye kunipimia siki na metre yako." Alum Rock nilienda mwenyewe, kwa wale wauza mboga ulionionyesha, wanaouza dili kwa mafungu makubwa kama ya kulishia mbuzi. Viazi nilinunua kwa kipimo changu kile kile, konzi moja na nusu kwa mtu mzima.

Kwa sababu hiyo ndiyo kazi uliyonipa, Mama, miaka yote ile. Viazi. Nilisimama kwenye jiko la ukumbi nikisugua viazi vipya, nikatazama dirishani jinsi mlingoti unavyoinuliwa na watu wasiojua chochote kuhusu kuinua. Dereva mstaafu wa basi. Mwanafunzi mwembamba. Wanawake wenye mashada ya maua kichwani. Watoto wananing'inia kwenye kamba. Ule mti wa mita saba, umevishwa majani na maua, wale wazee wanausukuma kwa zile fito zao zenye panda, kidogo, wanapumzika, kidogo tena, wanaimba, wanasubiri mvua ipite. Mwaka mmoja ulirudi chini wote, mkacheka mkaanza upya. Saa nzima inakatika. Na mwenye malori matatu na vijana kumi na wanne yuko jikoni na chumvi mkononi. Nikitoka mikono imelowa nikasema, "Mama, nipe dakika tano tu," ulinijibu bila kugeuka, "Viazi, mwanangu."

Nilidhani ni dharau. Sitakuficha. Niliona watu wanaambiana, huyu mkwe wa Kiafrika yuko jikoni. Pengine hakuna aliyesema. Lakini mimi niliwasikia.

Kwa hiyo mwaka huu, jambo likiwa mikononi mwangu, nililifanya sawasawa. Nilichimba shimo, nikamwaga zege, nikazamisha bomba la chuma la kupokea kitako cha mlingoti. Ijumaa asubuhi tulifika na lori lenye mkono wa kunyanyulia, mimi na vijana wawili. Matawi ya ule mti wenye gome jeupe tulishayakata, tukayafunga kwa vibanio vya plastiki, yakakaa kama yamepigwa pasi. Zile pete mbili za maua nilizipima zining'inie sawa kulia na kushoto. Kijana wangu mmoja, Mkenya, akauliza, "Bosi, hii ni ya sherehe ama tunashika network?" Tukaunyanyua na kamba zake nne zikining'inia, tukauingiza, tukakaza nati. Nikaweka pimamaji kila upande. Kiputo kikatulia katikati kabisa. Mama, tangu uanze kusimamisha milingoti Birmingham, hakuna uliowahi kunyooka namna ile. Lori likaenda kazini Ladywood, na mimi nikaenda kuosha viazi nikiwa nimeridhika kabisa.

Watu wakaanza kufika.

Lars, yule dereva mstaafu, alikuja na fito zake zenye panda juu ya gari, zile anazozitunza gereji mwaka mzima. Akazishusha, akazibeba begani, akakata kona ya ukumbi, akasimama. Akautazama mlingoti kuanzia chini mpaka juu. Kisha akazilaza fito zake kwenye nyasi, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, akaja kunishika mkono na kusema ni kazi nzuri. Watoto wakaja wamekumbatia maua waliyochuma, wakakosa pa kuyafunga. Wakayaweka mezani kando ya krimu. Zawadi akanifuata jikoni, akaniuliza kwa Kiingereza, kwa upole ulioniumiza, sasa wao wafanye nini.

"Mle," nikamwambia.

Wakala. Mama Furaha akaja na sahani yake akasimama karibu yangu. "Musa," akasema, "umechumbia, umeoa, umezaa, umekata keki, na siye ndiyo kwanza tunafika. Tukupe hongera ao tukupe pole?"

Nilicheka, lakini nilishaona. Mtu wa ujenzi anajua jengo likianza kulegea kabla halijatoa sauti. Watu walikula haraka. Walitazama mawingu. Walizunguka mlingoti mara moja, wakacheza ile ngoma ya kuruka kama vyura kama watu wanaomaliza mazoezi ya hospitali, wakarudi kukaa. Mmoja alishaanza kukunja kiti. Nikapiga hesabu: kwa mwendo ule, saa nane uwanja ungekuwa mtupu, na mwakani nisingekuwa na haja ya kumwita mtu.

Ndipo gari la Elin likasimama getini. Hakulizima. Nikamwendea. Keki yako ya stroberi ilikuwa kwenye kiti cha pembeni, ameifunga mkanda kama abiria. Macho yake yalikuwa mbele, kwenye mlingoti.

"Nani waliuinua?"

"Mimi. Na vijana. Asubuhi."

"Umenyooka sana," akasema. Ungeisikia sauti ile, Mama. Haikuwa ya ugomvi. Ilikuwa ya mtu aliyejikaza kufika mahali akakuta pamefungwa. Akafungua mkanda wa keki, akanipitishia dirishani. "Chukua. Mimi narudi."

Nikasimama na keki mkononi. Mimi si mwepesi wa maneno ya aina hiyo. Nilijua tu kwamba akirudi nyuma sasa, hatakuja tena, wala mwakani wala mwaka wa mbele.

"Ngoja," nikasema. "Nitaushusha."

"Utashusha nini?"

"Ulikuwa na haki ya kuukuta chini."

Nikampa keki mtoto wa kwanza niliyemwona, nikaenda kuchukua spana. Lori halipo, vijana hawapo. Na ujue kushusha kitu kwa mkono ni kugumu kuliko kukipandisha, kwa sababu uzito wote unakutaka wewe. Nililegeza nati, nikatazama huku na huku, nikaona peke yangu siwezi. Lars alishaokota fito zake, hakuniuliza. Kamba tatu zikapata watu. Ya nne ikakosa. Mama Furaha akapaza sauti kuelekea getini, "Elin, weye utakaa ndani ya motokari kama balozi? Shika kamba." Nikasikia injini inazimika.

Tukaushusha. Pete moja ilivunjika, na nilikata vibanio vyangu vyote vya plastiki kwa kisu. Watoto wakaurukia. Waliufunga maua yao walivyojua wao, mengi upande mmoja, mengine kichwa chini, mmoja akafunga na soksi. Manyunyu yakaanza, hakuna aliyejali. Aliyekuwa akikunja kiti alipiga magoti akisuka pete mpya. Elin alikaa chini kwenye nyasi zilizolowa, Zawadi ubavuni, wanasuka bila kusema.

Wakati wa kuinua ulipofika, miguu yangu ilinipeleka yenyewe kwenye kitako cha mlingoti, pale penye uzito. Elin akaniona. Akanyoosha kidole kwenye kamba ya nyuma, pale wanaposhika watoto. Nikaenda. Nikashika kamba pamoja na msichana mwenye meno mawili yaliyong'oka, ambaye alinieleza namna ya kuishika.

Wakauinua mpaka usawa wa kiuno. Ukasimama. Watu wote wametulia, fito zimekaza, wanangoja. Kwa muda sikuelewa wanangoja nini. Walikuwa wanakungoja wewe. Miaka yote uliwapigia mwito kwa Kiswahili, ule mliokuwa mkiinulia vitanda na magunia hospitalini, "Haya, pamoja," na Waswidi wakajifunza kwamba neno hilo likitamkwa mti unapanda. Hakuna aliyekumbuka kwamba neno hilo lilikuwa na mdomo wake.

Nilifungua kinywa. Nikakifunga. Namshukuru Mungu kwa hilo.

"Haya," Elin akasema.

Sauti ilikuwa ndogo, ya kumfukuzia kuku. "Haya, pamoja." Mlingoti ukapanda. Mara ya pili ilimkatika katikati, akabaki amefumba macho, Mama Furaha akaidaka ile nusu nyingine na sauti yake ya kwaya, ukapanda tena. Kuanzia hapo wakaitana hivyo, huyu na huyu, wanapumzika, wanapanda, mashavu ya Elin yamelowa na sijui ipi ni mvua. Lars alikuwa analia waziwazi, na fito yake haikutikisika. Na mimi kamba yangu ilikuwa nyepesi. Nilihisi uzito umegawanyika kwa watu wote, kila mtu kidogo, na cha kwangu kilikuwa kidogo kama cha yule msichana. Sijawahi kushika kitu kizito kikawa chepesi namna ile. Nilitaka kukuuliza kama ndivyo ilivyokuwa kila mwaka, wakati mimi niko jikoni.

Umesimama umeinama. Nyuzi nne hivi, kuelekea barabara kuu ya M6. Nilikwenda kuchukua pimamaji, mkono wa Elin ukanishika kiwiko. "Musa. Iache." Nikaiacha. Watu walicheza mpaka viatu vikajaa matope, viazi vikaisha, na wale vyura safari hii walikuwa vyura kweli.

Baadaye, watu wakiwa wanakunywa kahawa, tulikaa sisi wawili kwenye ngazi ya ukumbi. Yeye ndiye aliyeanza. Akasema uliyoyasema wodini, ulipokuwa unapanga nani akubebe. "Mama alisema, Musa akiingia chini ya jeneza atalibeba peke yake, na wale wengine watano watakuwa wanatembea tu wameweka mkono."

"Sasa kwa nini hakuniambia mwenyewe?"

"Nilimuuliza. Akasema ungekubali upesi, kwa heshima, bila kuelewa."

Nimelipima neno hilo siku nyingi, Mama. Nimeligeuza kila upande. Ni kweli kuhusu mimi, na ni kali. Nilijijenga peke yangu, hakuna aliyenishikia ngazi, na mtu wa namna hiyo akiona mzigo haoni watu waliouzunguka. Nusu ya neno nimeipokea. Nusu nyingine bado inaniuma, kwa sababu mtu wa kunifundisha kwa mdomo ulikuwa hai, unakuja kwangu kila Jumapili, na ulinijua vya kutosha kujua kwamba nina masikio. Nilitaka kukubeba. Si kwa nguvu zangu. Ulikuwa mama yangu.

Basi. Nimeshasema.

Elin anapita barabara ile sasa. Juzi alisimama pale akitoka kazini, akakaa kwenye nyasi na kahawa yake, akanipigia simu kunieleza majani ya mlingoti yameanza kukauka. Tulizungumza kwa Kiswahili. Anakosea ngeli kila mahali, nami simsahihishi. Anakutaja. Anasema "Mama angesema hivi," na anabaki chumbani.

Ameniambia mwakani yeye ndiye atakayepiga mwito, tangu mwanzo, na mimi anataka nisimame upande wake, kwenye fito, katikati ya watu. Nimekubali. Nitashika pale nitakapoonyeshwa, Mama, na sitainua kwa nguvu zangu zote. Nakuahidi hilo, na unajua ahadi hiyo ni ngumu kwangu kuliko nyingine yoyote ambayo ungeniomba.

Pumzika, nesi wetu wa Singida. Wagonjwa wote wamelala.

Mwanao wa mlangoni,
Musa